Kugawa chama cha wataalamu wastaafu katika vikosi kazi: dhana potofu na ukweli

Tanzania, mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Chama cha wataalamu wastaafu kwa hiyo hupokea watu ambao bado wana nguvu na ujuzi wa miaka 30, kisha mara nyingi huwaita mara moja tu kwa mwaka, kwenye mkutano mkuu. Kuwapanga katika vikosi kazi vidogo vya kujitolea ni njia nzuri ya kuutumia ujuzi huo. Mpango huharibika pale chama kinapogawa watu kabla hakijagawa kazi, na dhana nyingi zilizo hapa chini zinaanzia hapo.

“Tuanze kwa kubadili katiba”

Mara nyingi hakuna haja. Kikosi kazi ni chombo cha ndani ya chama. Soma kwanza ibara ya madaraka ya kamati tendaji: ikiruhusu kuunda kamati ndogo, azimio lililoandikwa kwenye muhtasari na kusainiwa linatosha. Katiba ikiwa kimya, azimio lipelekwe mkutano mkuu. Kubadili katiba yenyewe ni safari nyingine. Kenya, Sheria ya Vyama (Sura 108) inadai kibali cha maandishi cha Msajili kabla ya mabadiliko. Tanzania, chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya (Sura 337) kipo chini ya Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Ukisubiri hatua hizo bila sababu, ari ya wanachama inapoa.

Kinachopaswa kukatazwa mapema, tena kwa maandishi, ni kikosi kufungua akaunti benki, kuchonga mhuri wake au kusaini mkataba. Kikifika huko kimeshakuwa chama ndani ya chama.

“Wahandisi kwao, walimu kwao, wauguzi kwao”

Hii ndiyo inayoleta hasara kubwa kuliko zote, na inapendwa kwa sababu kila mtu anajua pa kukaa. Lakini shida za jamii haziji zikiwa zimepangwa kitaaluma.

Chukua shule ya msingi inayotaka kuvuna maji ya mvua. Mhandisi anapima paa: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 200 likinyeshewa milimita 10 hupokea lita 2,000. Ukiondoa yanayopotea kwenye mabati na mifereji, kadiria lita 1,600. Hapo muuguzi anauliza maji ya mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yatamwagwa wapi kabla ya kuingia tangini. Mhasibu anauliza koki ikivunjika italipiwa kutoka fungu gani. Mwalimu mstaafu anajua kuwa mwalimu mkuu anaweza kuhamishwa wakati wowote, kwa hiyo funguo na jukumu la tangi vikabidhiwe kamati ya shule, si mtu mmoja. Wahandisi watano peke yao wangeacha mchoro safi na tangi lisilo na mwenyewe.

Kwa hiyo gawa kwa kazi, kisha tafuta watu wa kazi hiyo. Kila kikosi kipewe hadidu za rejea za ukurasa mmoja zinazojibu mambo sita: kinakabidhiwa nini, kwa nani, lini, mratibu ni nani, fedha kiasi gani, na uamuzi upi kikosi kinaweza kuufanya bila kuuliza. Hilo la mwisho husahauliwa, nalo ndilo linalovunja watu moyo. Wataalamu waliowahi kuongoza idara nzima wakilazimika kuomba ruhusa ya kamati ili waandike barua ya miadi, wataondoka kimyakimya. Na hadidu zikikataa kuingia ukurasa mmoja, kazi ni kubwa mno, igawe.

“Tukiwa wengi kazi inakuwa nyepesi”

Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wakivuta kwa pamoja. Kadiri walivyoongezeka, mchango wa kila mmoja ulipungua. Walipofika 8, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake. Kwenye kikosi huongezeka tatizo la mawasiliano: watu 6 wana jozi 15 za kuelewana, watu 12 wana jozi 66. Watano hadi saba wanatosha. Akiugua mmoja na mwingine akiwa msibani, bado kazi inaendelea.

“Kila mwanachama apangiwe kikosi”

Ukipitisha karatasi kwenye mkutano mkuu, majina yatajaa, lakini jina si muda. Uliza: una saa ngapi kwa wiki, siku zipi, mpaka mwezi gani? Mwenye saa 2 za uhakika kila Jumanne anafaa kuliko aliyejibu “nipo tayari wakati wowote”. Anza na vikosi viwili au vitatu. Waliobaki waingie kwenye rejesta ya ujuzi na waitwe kwa jambo mahsusi, kama kupitia mchoro au kusoma mkataba.

“Mratibu awe aliyestaafu na cheo kikubwa”

Mkurugenzi alifanya kazi akiwa na katibu muhtasi, dereva na masijala. Kwenye kikosi hakuna hao. Mratibu mwenyewe ndiye anayepiga simu, anayekumbusha, anayeandika muhtasari na kuusambaza ndani ya saa 48. Mchague anayepokea simu na anayetimiza ahadi ndogo.

Heshima haipungui kwa hilo. Profesa ataendelea kuitwa Profesa na mzee atasikilizwa. Ila mkubwa akisema kwanza, waliowahi kuwa chini yake ofisini hunyamaza hata pale wanapoona kosa. Kuna utaratibu unaosaidia: kila mjumbe amtumie mratibu maoni yake siku moja kabla, na kikaoni aliye mdogo kwa umri aanze kuzungumza. Kwenye yatokanayo, kila dondoo liwe na jina la mtu na tarehe. “Kamati itafuatilia” haimtaji mtu, na haitafuatiliwa.

“Kazi ya kujitolea haina gharama”

Nauli, vifurushi vya simu, kuchapa na chai vina gharama, na mstaafu anayejilipia kila safari atapunguza safari. SES, shirika la Bonn, Ujerumani, lililoanzishwa mwaka 1983, hutuma wataalamu wastaafu wanaojitolea bila mshahara, lakini gharama za safari, malazi na chakula hazitoki mfukoni mwao. Chama kidogo kinaweza kufuata kanuni hiyohiyo kwa kiwango chake. Mratibu apewe masurufu kidogo, yaani fedha za matumizi anazotolea hesabu, kwa hati ya malipo, ayarejeshe kwa risiti ndani ya siku 14, wala asipewe mengine kabla ya kufunga ya kwanza. Usichanganye kurudisha gharama na posho ya kikao. Posho ikiingia, idadi ya vikao huongezeka na kazi inabaki palepale.

“Kundi la WhatsApp linatosha”

Linatosha kukumbushana. Uamuzi uandikwe kwenye daftari au faili la pamoja, maana simu hupotea na ujumbe hufunikwa na salamu na pole.

“Kamati tendaji itabaki bila kazi”

Itabaki na kazi yake hasa: fedha, jina la chama, matamko kwa umma, nidhamu, na kuzuia vikosi kugongana. Kugongana kunatokea upesi. Vikosi viwili vikiandika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri wiki moja, kwa nembo ileile na maombi tofauti, chama kinaonekana hakijui kinachotaka. Barua zote za nje zipite kwa katibu na zipewe namba ya kumbukumbu, na waratibu wakutane saa moja kila mwezi.

“Kikosi kizuri hakifungwi”

Kikosi kisicho na mwisho hugeuka kamati ya kudumu isiyo na kazi. IETF, jumuiya ya wahandisi wanaotunga viwango vya intaneti tangu 1986, hufanya kazi kwa vikundi vyenye hati ya kazi na hatua za kufikiwa, na kikundi kikimaliza hufungwa. Kwa chama cha wastaafu, siku 90 zinafaa kuanzia. Siku hizo zikiisha, kamati iamue moja kati ya matatu: kufunga, kuongeza muda mara moja tu, au kuikabidhi kazi kwa taasisi itakayoiendeleza. Makabidhiano yafanyike kwa maandishi na saini za pande mbili: daftari la maamuzi, risiti na masurufu yaliyobaki, michoro, funguo, na namba ya fundi atakayeitwa koki ikivuja.