Makaburi ya Kunduchi si kazi ya wageni

Hadi leo kuna wanaosema makaburi yenye nguzo pale Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yaliachwa na Wareno, au ni ya Waajemi. Sivyo. Makaburi ya nguzo ni sanaa ya mwambao wetu: yapo Somalia, yapo Malindi, yapo Kaole karibu na Bagamoyo. Uajemi na Ureno huyakuti. Haya ya Kunduchi mengi ni ya karne ya 18.

Sogea karibu na nguzo: imejengwa kwa mawe ya tumbawe. Tumbawe huchongwa likiwa bichi, lingali laini, kisha hukauka likawa gumu. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Vile vishimo vya duara kwenye lipu ndimo zilimopachikwa bakuli za kaure kutoka China, zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Bakuli zilitoka ng'ambo, ndiyo, lakini kuzitumia kupamba makaburi ni ubunifu wa Waswahili wenyewe. Nyingi zimebanduliwa, na hilo linauma sana.

Ukienda, nenda asubuhi: jua likipiga kwa ubavu, michoro huonekana vizuri. Lipu usiiguse, inamomonyoka.