Kwa nini Kombe la Dunia la 1966 lilichezwa bila timu hata moja ya Afrika?

Fainali za 1966 zinakumbukwa zaidi kwa bao la Geoff Hurst, lile ambalo mpaka leo watu wanabishana kama mpira ulivuka mstari au haukuvuka. Kuna jambo jingine la mwaka ule ambalo halitajwi sana. Kati ya timu 16 zilizokutana Uingereza Julai ile, 10 zilitoka Ulaya, nne Amerika Kusini, moja ilikuwa Mexico na moja Korea Kaskazini. Afrika haikuwa na timu hata moja.

Na si kwamba bara halikuwa na timu ya kupeleka. Ghana ilikuwa imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mara mbili mfululizo, 1963 na 1965. Haikutolewa kwenye mchujo wala haikufungiwa. Ilikaa nyumbani kwa hiari yake, na kabla ya kukaa ikasaidia kuwashawishi wenzake nao wakae. Ili kuelewa kwa nini bingwa wa Afrika aliupa mgongo mlango ambao kila mchezaji duniani anautamani, ni lazima kwanza tujue timu ile iliundwa kwa kazi gani.

Ghana ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957. Miaka sita tu kabla ya hapo, timu ya Gold Coast, jina la nchi hiyo enzi za ukoloni, ilizuru Uingereza ikiwa na wachezaji ambao wengi wao walicheza pekupeku. Kwame Nkrumah alipokabidhiwa nchi, alikuwa na hoja moja aliyoirudia kila jukwaani: kwamba Mwafrika anaweza kuendesha mambo yake mwenyewe. Hoja ya namna hiyo inataka ushahidi. Bwawa la umeme la Akosombo lilikuwa ushahidi, lakini bwawa linajengwa kwa miaka na kwa mikopo. Timu ya mpira inapatikana haraka zaidi, inasafiri, na matokeo yake yanasomwa na mtu asiyejua lolote kuhusu megawati.

Ndiyo maana timu ya taifa ilipewa nyota ileile iliyo kwenye bendera, ikaitwa Black Stars. Nyota hiyo nyeusi inatokana na Black Star Line, kampuni ya meli iliyoanzishwa Marekani mwaka 1919 na Marcus Garvey, Mjamaika aliyeota kuwaunganisha watu weusi wa pande zote za Atlantiki. Nkrumah alivutiwa sana na Garvey tangu akiwa mwanafunzi Marekani. Theodosia Okoh, aliyebuni bendera ya Ghana, aliiweka nyota hiyo katikati. Shirika la meli la serikali likapewa jina lilelile la Garvey. Na wachezaji nao wakabaki na nyota.

Kazi ya kuijenga timu alikabidhiwa Ohene Djan, mwanasiasa wa chama tawala cha CPP aliyekuja kuwa mkurugenzi wa michezo. Djan alikuwa na haraka, alikuwa mbabe, na alijua kupanga mambo. Ghana ikajiunga na FIFA mwaka 1958 na ligi ya taifa ikaanza mwaka huohuo. Makocha wakaletwa kutoka Ulaya. C.K. Gyamfi, mmoja wa wale waliozuru Uingereza mwaka 1951, alikwenda Ujerumani Magharibi mwaka 1960 kuichezea Fortuna Düsseldorf, Mwafrika wa kwanza kucheza soka ya ngazi hiyo nchini humo, kisha akarudi nyumbani na kukabidhiwa timu ya taifa.

Kilichowaudhi watu ni klabu ya Real Republikans. Mwaka 1961 serikali iliiunda kwa kunyofoa wachezaji bora kutoka klabu nyingine za ligi na kuwaweka pamoja, ili timu ya taifa izoeane mwaka mzima. Asante Kotoko ya Kumasi haikufurahi hata kidogo, na mtu yeyote anayejua uchungu wa shabiki aliyenyang'anywa straika wake na wakubwa ataelewa. Fikiria leo Wizara ya Michezo iamke asubuhi na kuchukua wachezaji wawili wa Simba na wawili wa Yanga ili kutengeneza klabu ya Rais. Kuna watu wangelala barabarani.

Lakini mpango ulifanya kazi. Mwaka 1962 Black Stars walitoka sare ya 3-3 na Real Madrid ya enzi za Di Stéfano na Puskás. Mwaka uliofuata Ghana iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara yake ya kwanza kushiriki, na ikalibeba: Sudan ilipigwa 3-0 kwenye fainali mjini Accra, nahodha Aggrey Fynn akifunga kwa penalti na Wilberforce Mfum akimalizia mawili. Mwaka 1964 walikwenda Olimpiki ya Tokyo na kufika robo fainali. Novemba 1965, mjini Tunis, walitetea kombe kwa kuwafunga wenyeji 3-2 katika dakika za nyongeza, kocha akiwa Gyamfi yuleyule.

Wiki tatu baada ya Tunis walikuwa Nairobi. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1965, Kenya ikiadhimisha miaka miwili ya uhuru. Matokeo: Kenya 2, Ghana 13. Hicho mpaka leo ndicho kipigo kikubwa zaidi katika historia ya Harambee Stars, na walikipata siku ya sherehe, nyumbani, kutoka kwa ndugu wa Afrika Magharibi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Ghana ya wakati ule ilisusia kwa sababu iliogopa kuaibika, mwonyeshe hesabu hiyo.

Turudi kwenye Kombe la Dunia. FIFA ya miaka ile iliongozwa na Sir Stanley Rous, Mwingereza. Mwaka 1964 iligawa nafasi 16 za fainali za Uingereza, na Afrika, Asia na Oceania zikapewa nafasi moja ya kugombania. Mabara matatu, tiketi moja. Timu za Afrika zilitakiwa zichuane zenyewe kwa zenyewe, na mshindi wa bara zima bado akakutane na mshindi wa upande wa Asia na Oceania.

Hilo halikuwa jipya. Katika mchujo wa fainali za 1962, Morocco ilizitoa timu zote za Afrika zilizokuwa mbele yake, kisha ikaambiwa icheze na Hispania. Ikafungwa 1-0 na 3-2, safari ikaishia hapo. Tangu Misri ilipocheza mechi moja mwaka 1934, hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imekanyaga fainali. Tofauti ni kwamba wakati wa mgawo wa 1934 karibu bara zima lilikuwa chini ya wakoloni. Kufikia 1964 nchi nyingi zilikuwa huru, zina bendera, zina kiti Umoja wa Mataifa na zina chama cha soka chenye kura FIFA. Kuwagawia watu hao theluthi ya nafasi moja ilikuwa dharau, na haikuhitaji kufafanuliwa.

Djan ndiye aliyeandika telegramu kwenda FIFA, akilalamika kwamba ni jambo la kusikitisha na lisilo na mantiki kuzipitisha nchi za Afrika na Asia katika mchujo mrefu wenye gharama kubwa ili mwishowe itoke timu moja tu. Alisimama pamoja na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia, mmoja wa viongozi wazito wa Shirikisho la Soka Afrika, CAF. Dai lao lilikuwa dogo ukilinganisha na yanayodaiwa siku hizi: nafasi moja ya uhakika kwa Afrika.

Kulikuwa na kidonda kingine chini ya hicho. Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa imesimamishwa FIFA mwaka 1961, lakini mwaka 1963 Rous aliizuru na uanachama wake ukarudishwa. Ili kukwepa kuikutanisha na timu za Afrika, FIFA ikaipanga katika kundi la Asia. Congress ya FIFA iliyokaa Tokyo Oktoba 1964 iliisimamisha tena, kwa kura za mataifa mapya, lakini imani ilikuwa imeshavunjika. Kwa Nkrumah, aliyekuwa akisema uhuru wa Ghana hauna maana bila ukombozi wa bara lote, mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja.

FIFA haikubadili mgawo. Timu zote 15 za Afrika zilizokuwa zimejiandikisha zikajitoa, na CAF ikapigwa faini. Huko Asia, baada ya Korea Kusini kujitoa pia, zilibaki Korea Kaskazini na Australia peke yao. Zikacheza mara mbili mjini Phnom Penh, Korea ikashinda zote mbili, na tiketi ya mabara matatu ikaenda kwa timu iliyocheza mechi mbili tu za mchujo.

Hapa ndipo inapouma kwa wachezaji. Ingekuwa nchi nyingine, tungesema viongozi walisusia kwa sababu hawakuujali mpira. Ghana iliujali kupita kiasi. Ilitumia fedha za umma, ikavuruga klabu, ikapeleka vijana Ulaya, yote ili dunia iwaone. Halafu dunia ilipokusanyika mahali pamoja, ikawaambia wabaki. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi, na haupingani na mpango wenyewe: timu iliyoundwa ili itoe hoja ilitoa hoja yake kubwa kuliko zote kwa kutocheza. Lakini mchezaji ana miaka michache ya ubora. Osei Kofi, winga aliyefunga kwenye fainali ya Tunis, hakupata tena nafasi ya kwenda Kombe la Dunia.

Na Nkrumah mwenyewe hakuona mwisho wa ugomvi akiwa madarakani. Tarehe 24 Februari 1966, akiwa safarini Asia, jeshi lilimpindua. Djan akaondolewa. Real Republikans ikavunjwa na wachezaji wakarudi klabu zao. Kumasi, nadhani, hawakulia.

Mpira ulipoanza Uingereza miezi mitano baadaye, Afrika ilikuwepo kwa njia ya pembeni. Mfungaji bora alikuwa Eusébio, mabao tisa, manne kati yake dhidi ya Korea Kaskazini iliyokuwa ikiongoza 3-0 kabla ya Ureno kushinda 5-3. Eusébio alizaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Nahodha wake, Mário Coluna, naye alizaliwa Msumbiji. Walivaa jezi ya Ureno wakati ndugu zao wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, walikuwa tayari wameshaanza vita dhidi ya Ureno hiyohiyo.

Mgomo ulizaa matunda upesi. Afrika ilikuwa tayari kususia tena, na mwaka 1968 FIFA ilikubali kutoa nafasi moja kamili kuanzia fainali za Mexico 1970. Morocco ikaichukua na kupata sare ya 1-1 na Bulgaria. Mwaka 1974 ikawa zamu ya Zaire, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara.

Zaire ilipita juu ya mgongo wa Ghana. Novemba 1965 kule Tunisia, Black Stars walikuwa wameifunga Kongo, kama Zaire ilivyoitwa wakati huo, 5-2. Mobutu, aliyechukua madaraka mwezi huohuo, aliiga mchezo wa Nkrumah: akawekeza kwenye timu ya taifa na kuwarudisha nyumbani Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji. Mwaka 1968 mjini Addis Ababa, bao moja la Kalala liliinyima Ghana kombe. Na mwaka 1973, katika mchujo wa Kombe la Dunia, Ghana ilishinda 1-0 Accra, kisha ikapigwa 4-1 Kinshasa.

Barani, Ghana haikufa. Ilibeba kombe tena 1978, Uganda ikiwa mhanga wa fainali kwa 2-0, na 1982 kwa penalti dhidi ya Libya mjini Tripoli, kocha akiwa tena Gyamfi. Lakini Kombe la Dunia liliendelea kuwakwepa, na kwa fainali za 1982 walijitoa kwenye mchujo.

Walifuzu Oktoba 2005 kwa kuifunga Cape Verde 4-0 mjini Praia, kutoka kundi lililokuwa pia na Afrika Kusini, Kongo, Burkina Faso na Uganda. Ilikuwa miaka 40 tangu walipokuwa mabingwa wa bara na wakakaa nyumbani. Kufikia hapo walikuwa wameshatangulia Morocco, Zaire, Tunisia, Algeria, Kameruni, Nigeria na Senegal. Hata Afrika Kusini, ambayo kurudishwa kwake FIFA kulichangia kuwasha moto wa 1964, ilikuwa imeshakwenda mara mbili, 1998 na 2002, sasa ikiwa nchi ya Waafrika wote. Ujerumani 2006 Afrika ilipeleka timu tano. Ghana peke yake ndiyo iliyovuka hatua ya makundi.