Masomo jumuishi ya junia skuli: mtoto wa Gredi ya 8 anasoma nini hasa

Kila muhula ukianza kwa magrupu ya wotsap ya wazazi hapa Nairobi utaona maswali yale yale: mbona mtoto wangu hana kitabu cha Baiolojia, kompyuta ilienda wapi, Biashara ilitolewa ama mwalimu ndiye hajaletwa. Jibu fupi ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo limetolewa. Yale masomo mengi yameunganishwa, mawili matatu yakawekwa chini ya jina moja, kitabu kimoja, mwalimu mmoja na alama moja kwa ripoti, na hiyo ndiyo maana ya masomo jumuishi. Ukitafuta somo kwa jina lake la zamani hutalipata, lakini ukifungua kitabu utalikuta ndani limekaa.

Tuanze na hii Gredi ya 8 yenyewe juu wengi wetu tulisoma mfumo wa zamani wa 8-4-4 na tukisikia nane tunafikiria darasa la nane na KCPE, ule mtihani wa mwisho wa praimari. Si hivyo. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Kwa mfumo wa 2-6-3-3-3 mtoto anakaa miaka miwili chekechea, sita praimari, mitatu junia, mitatu sinia, halafu ndio chuo, kwa hivyo Gredi ya 8 ni mwaka wa katikati wa junia, mtoto ana miaka kama 13 au 14, na ukilinganisha na zamani ako na mguu mmoja darasa la nane na mwingine fomu wani. Kundi la kwanza kabisa liliingia Gredi ya 7 mapema 2023 na likapelekwa kukaa kwa shule za praimari, jambo ambalo bado linatuuma mpaka leo, nitalifikia.

Hao wa kwanza walipewa mzigo mkubwa, masomo 12 ya lazima na juu yake ya kuchagua. Wazazi walilia, walimu wakalia, jopo la rais la mageuzi ya elimu chini ya Profesa Raphael Munavu likapendekeza yapunguzwe, na kuanzia 2024 yakabaki tisa. Hayo tisa ni Kiingereza, Kiswahili (ama Lugha ya Ishara ya Kenya kwa wanaoitumia), Hisabati, Elimu ya Dini, Masomo ya Jamii, Sayansi Jumuishi, Kilimo, Pritek (Pre-Technical Studies, yaani masomo ya awali ya ufundi), na Sanaa Bunifu na Michezo. Sasa ukisoma hiyo orodha haraka haraka unaona kama masomo yamepungua. Kilichopungua ni majina zaidi kuliko kazi.

Chukua Sayansi Jumuishi. Ndani kuna baiolojia, kemia na fizikia, zote tatu, na mambo ya afya juu yake. Gredi ya 8 upande wa kemia wanaanza na elementi na kompaundi, wanaenda mabadiliko ya kifizikia na ya kikemikali, yaani barafu ikiyeyuka unaweza kuigandisha tena lakini bati likishika kutu huwezi kulirudisha vile lilikuwa, halafu wanaingia aina za moto. Hii ya moto naipenda sana, wangeifundisha hata watu wazima. Mtoto anafunzwa kwamba moto unahitaji vitu vitatu, joto, kitu cha kuungua na oksijeni, ukiondoa kimoja unazima, na kwamba moto wa karatasi na mbao unamwagiwa maji lakini wa petroli ama mafuta ya kupikia ukiumwagia maji umejiua, na wa umeme unazima swichi kwanza kabla kugusa chochote. Mtaani kwetu nyumba zimebanana na kila mtu ako na mtungi wa gesi chini ya meza, na baada ya ule mlipuko wa gesi wa Embakasi wa Februari 2024 sidhani kuna mtu wa kuuliza mtoto anasomea nini aina za moto.

Upande wa baiolojia ni seli. Wanaangalia seli ya mmea na ya mnyama, wanajua kiini ni nini, ukuta wa seli uko wapi na mbona sisi hatuna, halafu wanasoma vile vitu vinaingia na kutoka kwa seli. Hapo ndipo osmosisi inakuja na watoto wengi wanaikariri tu bila kuielewa, na ilhali maabara ya osmosisi iko jikoni: ukikata kitunguu cha kachumbari na ukitie chumvi, baada ya dakika chache bakuli iko na maji. Hakuna mtu ameweka maji. Yametoka ndani ya seli za kitunguu kufuata chumvi iliyo nje. Muonyeshe mtoto hiyo kabla hujamlipia tuisheni. Pia wanasoma uzazi wa binadamu, hedhi, mimba inavyotungwa, na najua kuna wazazi wanashtuka wakifungua hiyo kurasa, lakini kwa miaka 13 kama hatamsikia mwalimu atamsikia mtu mwingine.

Fizikia ya huo mwaka ni nishati inavyobadilika kutoka aina moja hadi nyingine, na presha. Presha ni nguvu ukiigawa na eneo, basi, ndio maana kisu kikali kinakata na butu inasukuma tu. Lakini ya maji ndio tamu: presha inaongezeka kina kikiongezeka, kwa hivyo kwa hizi ploti zetu za ghorofa tano na tangi juu, wa graundi anaoga maji yakimpiga na wa fifth floo anasubiri ndoo ijae kidogo kidogo. Hiyo ni mada ya Gredi ya 8, mtoto anaweza kukuelezea mbona mnalipa kodi sawa na maji si sawa.

Shida ya Sayansi Jumuishi haiko kwa kitabu. Iko hapa: mwalimu wa sekondari Kenya anasomea masomo mawili chuoni, tuseme baiolojia na kemia, sasa anapewa na fizikia, na mahali walimu ni wachache anaongezewa Kilimo ama Pritek juu. Halafu anafundisha kwa kiwanja cha praimari ambapo maabara haikuwahi kujengwa, kwa hivyo darubini moja inapitishwa darasa zima ama hakuna kabisa na seli inabaki mchoro kwa ubao. Kwa hivyo ukimuuliza mtoto "mmefanya kwa macho ama mmechorewa", hilo ni swali zuri kuliko "ulipata ngapi".

Pritek ndio watu hawaelewi kabisa. Jina lenyewe linafanya mzazi afikirie nyundo na msumeno, ati mtoto anafunzwa jua kali. Ndiyo, vifaa viko, materiali ziko, usalama kazini uko, kuchora kiufundi kuko, lakini ile Kompyuta iliyokuwa somo lake imeingia humu, na ile Biashara pia imeingia humu. Somo hili ni kama kioski ya mtaa, kwa nje unaona dirisha moja dogo lakini ndani kuna mkate, kredo, misumari na Panadol. Muhula mmoja mtoto anasoma programu za kompyuta na vile ya kulinda data yake, mwingine anasoma ujasiriamali, na wiki ingine anachora umbo kwa rula na kompasi. Kwa hivyo yule anayesema shule yao haifundishi kompyuta aangalie daftari ya Pritek kwanza, na kama hakuna kitu hapo basi ana haki ya kuuliza.

Kama ningekuwa na sauti ningesema watoto wa Nairobi tuna bahati na hili somo kuliko mahali pengine popote, juu Kamukunji pale wafua mabati wanafanya hayo yote bila kitabu, mtu anapima kwa macho, anakata, anakunja sanduku na jiko, na anajua bei ya malighafi na ya kuuza. Jumamosi moja ya kusimama pale na kuuliza maswali inashinda kurasa nyingi za notisi.

Kilimo nacho kilimeza Homusayansi (Home Science, sayansi ya nyumbani). Ndani ya kitabu cha Kilimo utapata kuhifadhi udongo na maji, mazao, mifugo, lakini pia kupika, usafi wa nyumba, lishe, kushona. Najua mtu wa Pipeline, kule kwa maghorofa yaliyobanana, atauliza shamba liko wapi. Mtaala wenyewe uliliona hilo, kuna bustani za nafasi ndogo, za magunia na vyombo vilivyotupwa, ndio maana saa ingine mtoto anakuja kuomba jerikeni iliyokatwa na wewe unafikiria ni mchezo.

Hisabati haijaunganishwa na kitu, imebaki vile, lakini yaliyomo yamekaribia maisha zaidi. Nambari kamili za hasi na chanya, vipeo vya pili na vipeuo vyake, uwiano, asilimia, aljebra mpaka milinganyo ya vitu viwili visivyojulikana, duara na vipande vyake, skeli ya ramani, uwezekano. Na kuna mada ya pesa ambayo ningeomba kila mzazi akae chini asome na mtoto. Mfano wa kukopa kwa awamu: tivi ni shilingi 30,000 keshi, lakini ukilipa dipositi 6,000 na 2,700 kila mwezi kwa miezi 12, piga hesabu, 2,700 mara 12 ni 32,400, ongeza ile 6,000 inakuwa 38,400. Umelipa 8,400 zaidi kwa tivi ile ile. Riba pia wanafunzwa za aina mbili, 10,000 kwa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka miwili riba ya kawaida inakupa 12,000 na ile ya riba juu ya riba inakupa 12,100. Tofauti ya 100 inaonekana ndogo mpaka uiache ikae miaka mingi, ama mpaka iwe ni wewe unadaiwa.

Masomo ya Jamii ni historia, jiografia na uraia pamoja, na stadi za maisha zimeingizwa humo pia. Chimbuko la binadamu, biashara ya watumwa, ramani, hali ya hewa, katiba ya 2010, haki za binadamu. Mada ya chimbuko msiisome tu kwa kitabu na mko Nairobi, ile mifupa ya kijana wa Turkana, binadamu wa kale, iliyochimbuliwa 1984, ambayo Kamoya Kimeu, mtafutaji wa visukuku, ndiye aliona kipande cha kwanza, iko hapa kwa makumbusho, ni matatu ya Westi tu na unashuka. Sanaa Bunifu na Michezo ni uchoraji, muziki, ngoma, maigizo na PE kwa kapu moja, na ndio inaleta zile risiti za ajabu za karatasi za rangi na rekoda ya kupuliza ambayo majirani wanaisikia wiki nzima. Dini ni moja kati ya Ukristo, Uislamu na Uhindu. Lugha ni lugha, Kiswahili bado kina ngeli, mnyambuliko, insha na fasihi, tofauti kubwa ni kwamba kusikiliza na kuzungumza sasa kunapimwa, si kuandika tu.

Sasa hapa kwa kupima ndipo Gredi ya 8 inadharauliwa. Mzazi anasema mtihani uko Gredi ya 9, huu mwaka acha apumzike. Alama za mwisho wa junia zinajengwa hivi: asilimia 20 inatoka kwa ule mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 inatoka kwa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na 60 ndio mtihani wenyewe wa Gredi ya 9, KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza 2025. Ile projekti mtoto anafanya Gredi ya 8, ambayo wewe ulimfanyia usiku ukiwa na gundi na katoni, inaenda KNEC, baraza la mitihani. (Na mwalimu anajua ni wewe ulifanya, mistari imenyooka sana.)

Ripoti nayo haina namba wani tena. Ina viwango vinne, kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio, na kwa KJSEA kila kimoja kimegawanywa mara mbili hivyo jumla ni nane, cha juu kabisa ni asilimia 90 hadi 100. Kwa masomo jumuishi angalia kitu kimoja: alama ni moja lakini ndani kuna vitu vitatu. Mtoto anaweza kuwa amefikia matarajio kwa Sayansi Jumuishi juu anajua seli vizuri sana na presha hajui hata kidogo, na ripoti haitakuambia. Hiyo inakuja kuuma wakati anachagua njia ya kuingia nayo Gredi ya 10 kati ya tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, ama Sanaa na Michezo, na kule sinia fizikia inasimama peke yake kwa jina lake. Kwa hivyo usiishie kwa ripoti, omba karatasi za mitihani ya ndani uone maswali aliyokosa yanatoka upande gani.

Na kama unataka kujua mada zote bila kungoja kuambiwa, KICD, taasisi inayotunga mtaala, wameweka miongozo ya mtaala kwa tovuti yao bure, kila gredi na kila somo, huhitaji kununua pidiefu ya mtu saiba. Hakikisha tu ni ile ya 2024 kwenda juu. Zile za 2022 bado zinazunguka wotsap, na ndizo zinafanya mzazi aende shule kudai kitabu cha Homusayansi.