Kupona si kutoka wodini

Bibi wa miaka 74 amepasuliwa moyo. Baada ya siku nane anaruhusiwa kurudi nyumbani, na hajavua hata viatu, simu zimeshaanza kupigwa: "Mama amepona, Mungu mkubwa!" Wiki ya tatu yuko jikoni. Nimelisikia neno hili likitumiwa hivi mara nyingi mno, na naona linamgharimu zaidi mwanamke.

Kupona ni kurudi katika uzima baada ya ugonjwa au jeraha. Hilo halina mgogoro.

Shida imo ndani ya neno lenyewe. "Pona" ni la asili ya Kibantu, na limebeba maana mbili: kutoka katika ugonjwa, na kutoka katika hatari. Ndiyo maana dereva aliyekwepa lori "ameponea chupuchupu" ingawa hakuwa mgonjwa, na anayefukuzwa husema pona yake ni mbio. Lugha ndugu zinafanana na yetu: Kikuyu kina "hona", kupona ugonjwa, na karibu yake "honoka", kuokoka, Washona nao husema "kupona" kwa aliyenusurika na kwa aliyepata afya. "Nafuu" ni jambo jingine. Imetoka Kiarabu, nduguye "manfaa", kwa hiyo aliyepata nafuu amepata faida fulani, ila safari yake bado.

Basi anayepiga simu hasemi uongo. Mama amepona kifo. Ila anayesikiliza huchukua ile maana nyingine, na kuanzia hapo kila kilio cha mama huonekana kama kudeka.

Kuna mfupa wa kidari. Daktari huukata ili aufikie moyo, kisha huufunga kwa nyaya, nao huchukua kama wiki 6 hadi 12 kuunga. Ngozi huziba mapema zaidi, na macho ya watu huishia kwenye ngozi. Mjukuu wa mwaka mmoja ana kilo 9 hivi, na wagonjwa wengi huambiwa wasinyanyue hata nusu ya uzito huo katika wiki za mwanzo. Kwa mwanamke, uzito wa matiti huvuta kidonda pande zote mbili, maumivu ambayo wengi huona haya kuyataja, ilhali sidiria nzuri isiyobana huyapunguza.

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba baada ya upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, wanawake huripoti maumivu, uchovu na huzuni zaidi ya wanaume, na hurudi hospitalini mara nyingi zaidi. Wapo wanaohitimisha kwamba wanawake ni dhaifu, na hapo ndipo ninapokataa kabisa. Ugonjwa wa mishipa ya moyo huwafikia wanawake wakiwa na umri mkubwa kuliko wanaume, mara nyingi pamoja na kisukari na shinikizo la damu. Dalili zao mara nyingi hudhaniwa ni kitu kingine, kwa hiyo hufika kwa mpasuaji wamechelewa. Mishipa yao ni myembamba, kazi ya kuishona ni ngumu zaidi. Hata EuroSCORE, kipimo ambacho madaktari hukitumia kukadiria hatari kabla ya upasuaji, huhesabu kuwa mwanamke kama hatari ya ziada.

Kwa hiyo tukiwapima bibi na babu mwezi wa tatu baada ya upasuaji, babu akatembea mbali zaidi, hatujapima nani kapona vizuri. Pengine bibi alianza bondeni na babu mlimani, na wote wamepanda hatua zilezile.

Halafu kuna mambo ya nyumbani. Mwanamume mzee aghalabu ana mke wa kumwuguza. Mwanamke wa rika lake mara nyingi ni mjane. Wanawake pia hupelekwa kwa nadra zaidi kwenye mazoezi ya kuurudishia moyo nguvu, na wakipelekwa wengi huacha njiani.

Safari nyingine jirani akiuliza hali, mwambie mama ametoka hospitali, amepata nafuu, kidonda kimekauka, mfupa bado. Na yule mtoto mpakate wewe.