Parokia yenu ina miaka mingapi?

Kila msimu wa jubilei hunijia kamati na swali lile lile. Vitenge vimeshaagizwa kiwandani, namba imeshakaa kifuani, "Miaka 75", halafu kikao cha mwisho mzee mmoja wa kigango (tawi la parokia) anasimama na kusema mama yake alibatizwa hapo miaka sita kabla ya mwaka huo, na cheti anacho nyumbani. Kitenge kinadanganya, au mzee? Mimi kazi yangu ni kutunza nyaraka za kanisa, na jibu langu huwaudhi wengi: huenda hakuna anayedanganya. Wanahesabu vitu viwili tofauti.

Parokia ina siku za kuzaliwa zaidi ya moja. Kuna siku wamisionari walipofika, siku ya ubatizo wa kwanza, siku jiwe la msingi lilipowekwa, siku kanisa lilipotabarukiwa, yaani kuwekwa wakfu, na siku askofu alipotia saini hati ya kuiunda parokia. Kati ya ile ya kwanza na ile ya mwisho inaweza kupita miongo kadhaa.

Tuanze na Bagamoyo, kwa kuwa ndiko watu wengi wa bara huanzia. Ukishuka misheni kuelekea pwani utaukuta msalaba wenye mwaka 1868. Machi ya mwaka huo Wamisionari wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Zanzibar wakaanzisha kituo. Hapo ndipo panapohesabiwa mwanzo wa uinjilishaji wa Tanzania Bara, na ndiyo maana miaka 150 iliadhimishwa mwaka 2018. Lakini Zanzibar wenyewe wangeweza kutabasamu. Mapadre na masista kutoka kisiwa cha Réunion walikuwa wameshafika kwao mwaka 1860, na shirika la Roho Mtakatifu likaichukua kazi hiyo mwaka 1863. Tena mtu wa Mombasa anaweza kuwacheka wote wawili: mapadre wa Kiagustino walikuwa na nyumba yao pale tangu mwishoni mwa karne ya 16, na Wakristo wa mji huo wakauawa mwaka 1631 chini ya Sultani Yusuf bin Hassan. Ukristo ule haukuendelea. Kwa hiyo tarehe tunayoisherehekea haiwi tu tarehe ya kufika, huwa ni ya kufika na kubaki. Hilo peke yake ni uamuzi, na kamati nyingi huufanya bila kujua kwamba zimeamua kitu.

Na kubaki kwenyewe Bagamoyo hakukuwa rahisi. Aprili 1872 kimbunga kilichopiga Zanzibar na pwani kiliangusha majengo ya misheni. Mwaka huo huo likajengwa kanisa ambalo leo limebaki mnara wake tu. Watalii huuita Mnara wa Livingstone kwa sababu ya usiku mmoja: Februari 1874 mwili wa David Livingstone, uliobebwa na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kutoka Chitambo katika Zambia ya leo, ulilazwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Mimi huwaambia wageni kwamba mnara huo ulikuwa na waamini wake wa kila siku, wengi wao watu waliokombolewa kutoka utumwani na kuishi katika kijiji cha misheni, na hao ndio parokia. Livingstone alikuwa mgeni wa usiku mmoja. Kanisa kubwa linaloonekana sasa lilijengwa kati ya 1910 na 1914.

Basi, kituo ni cha 1868, mnara ni wa 1872, kanisa la sasa ni la 1914. Mtu akiandika kwenye bango "kanisa hili limejengwa 1868", amechanganya. Akiandika "jumuiya hii ilianza 1868", yuko sahihi. Ni neno moja tu, lakini mtoto wa shule atakayenakili bango lile atalibeba hadi uzeeni.

Sasa sheria. Kwa Sheria ya Kanisa, parokia huundwa na askofu wa jimbo peke yake, baada ya kulisikiliza baraza la mapadre (kanuni ya 515). Ikishaundwa kihalali, ina hadhi yake mbele ya sheria. Tatizo ni kwamba wamisionari wa karne ya 19 hawakukuta majimbo huku kwetu. Eneo lilikuwa chini ya vikarieti za kitume, yaani maeneo ya misheni ambayo bado hayajawa majimbo: ile ya Bagamoyo iliundwa mwaka 1906, na ikawa Jimbo la Morogoro mwaka 1953, hierarkia, yaani mpangilio wa majimbo kamili na maaskofu wake, ilipowekwa Tanganyika. Kabla ya hapo watu walisema "misheni", nao walisema sawasawa. Sheria ya mwaka 1917 ilipokuja ilitumia jina *quasi-paroecia*, yaani kitu kilicho kama parokia, kwa vituo vya aina hiyo. Ndiyo maana ukiitafuta hati ya kuunda parokia kwa misheni kongwe, mara nyingi utaambulia barua iliyokuja baadaye sana kuliko ulivyotazamia, au hutaona kitu kabisa. Usiandike tarehe ya kubuni ili kuziba pengo. Andika "misheni ilianzishwa mwaka fulani" na uachie hapo.

Nyaraka ninayoiamini kuliko zote si hati ya askofu. Ni kitabu cha ubatizo. Kanuni ya 535 inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, iwe na muhuri wake, na ivitunze kwa uangalifu vile vya zamani. Vingi vya kale vimeandikwa kwa Kilatini. Usiogope, maneno ni machache na yanajirudia: *natus* au *nata* amezaliwa, *baptizatus* amebatizwa, *patrinus* msimamizi wa kiume, *matrina* wa kike. Fungua ukurasa wa kwanza utazame namba moja. Huyo ndiye mwanaparokia wenu wa kwanza aliyeandikwa, na jina lake linastahili kusomwa siku ya jubilei kabla ya jina la mgeni rasmi.

Kisha tazama pembeni mwa ukurasa, pale kalamu nyingine na wino mwingine vimeongeza maneno. Sheria inataka kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima viandikwe pembeni ya ubatizo wa mtu. Kwa hiyo mstari mmoja una maisha mazima: mtoto wa siku kumi, kipaimara miaka kumi na mitatu baadaye, ndoa katika parokia nyingine kabisa. Niliwahi kuona pambizo lililojaa hadi karani akageuza kitabu na kuandika wima. Ukifuata majina ya mahali katika pambizo hizo utaona watu wenu walikokwenda kufanya kazi na kuoa, jambo ambalo hakuna risala ya jubilei itakayokueleza.

Onyo la kazi: vitabu hivi havilambwi kidole kufunguliwa kurasa, havibandikwi gundi ya plastiki ukurasa unapochanika, na havikai chini ya dirisha la sakristia. Pigeni picha kila ukurasa, hifadhini nakala mahali pawili, kisha kitabu kirudi kabatini. Taarifa za ubatizo ni za watu. Picha ya ukurasa mzima haipelekwi kwenye kundi la WhatsApp la kamati hata kama babu yako yumo.

Kuhusu kutabaruku nitasema kidogo. Kanisa la parokia lafaa litabarukiwe kwa ibada kuu. Askofu hupaka krisma (mafuta matakatifu) altare, kisha kuta mahali kumi na mbili au manne, na mara nyingi huachwa misalaba ukutani na vinara vya mishumaa kuonyesha alama hizo. Tembeeni ndani ya kanisa lenu mkaitafute. Mkiiona, ujue kuna tarehe na kuna hati: sheria huagiza nakala moja ikae ofisi ya jimbo na nyingine parokiani (kanuni ya 1208). Siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kama Sherehe katika kanisa husika, na parokia nyingi hazijui kwamba zina sherehe hiyo. Msipoiona misalaba, huenda kanisa lilibarikiwa tu, jambo la kawaida kwa majengo yaliyoanza na miti na udongo.

Masimulizi ya wazee nayo yana mahali pake, ila yaandikwe kama masimulizi. Nirudi Bagamoyo. Kuna mbuyu mkubwa pale misheni wenye mnyororo uliomezwa na shina, kipande kidogo tu cha chuma kikichungulia nje. Husimuliwa kwamba Bibi Chevalier, mwanamke Mfaransa aliyekuja kuhudumia wagonjwa, alikuwa akimfunga punda wake hapo. Mnyororo upo, kila mtu anauona. Punda tumepewa na wasimulizi. Katika kitabu chenu cha jubilei andikeni yote mawili, na kando ya punda mwandike ni nani aliyewasimulia, alikuwa na umri gani, na yeye alisikia kwa nani.

Kuhusu ile kamati ya vitenge: tulifungua kitabu pamoja na mzee akiwa amekaa kando. Mama yake alikuwemo, ukurasa wa nne, miaka sita kabla, na kichwa cha ukurasa kikitaja jina la misheni jirani. Parokia yao ilikuwa bado kigango cha misheni hiyo wakati ule. Vitenge havikubadilishwa, ila chini ya ile namba waliongeza mstari mdogo: "tangu kuwa parokia."