Globu ya gari ikiungua, isome kabla hujaitupa

Taa moja ikizima, wenye magari wengi hununua globu, huifunga na kuendelea na safari. Baada ya muda mfupi ile mpya nayo inaungua, na lawama zinamwendea muuza vipuri. Mara nyingi muuza vipuri hana kosa. Kilichoua globu ya kwanza bado kimo ndani ya gari.

Ishike globu iliyoungua kwenye mwanga uitazame. Kioo kikiwa angavu ila uzi umekatika, imekufa kwa mtikisiko: soketi imelegea, au gari limepigwa sana na mawimbi ya barabara za vumbi kama za vijijini Sikonge, Uvinza au Buhigwe. Kioo kikiwa cheusi kwa ndani, uzi umechakaa. Kwa globu ya zamani hilo ni la kawaida, lakini ikiwa bado changa, shuku chaji. Washa injini, weka multimita kwenye betri. Gari la volti 12 linapaswa kuonyesha kama 13.8 hadi 14.5. Ikipita 15, rekebisha chaji ya altaneta, mashine inayochaji betri, kwanza, maana volti zikizidi kidogo tu, umri wa globu hupungua sana. Ukiona ukungu mweupe ndani ya kioo, hewa imeingia kupitia ufa.

Kisha soma maandishi kwenye kitako. Gari nyingi za Kijapani hutumia H4 kwa taa kubwa: volti 12, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, zote kwenye globu moja. Nyingine hutumia H7 au H11, na hizi haziingiliani. Malori mengi na baadhi ya Coaster ni ya volti 24. Globu ya 12 ukiifunga humo inaungua papo hapo. Ya 24 kwenye gari la volti 12 inawaka hafifu tu. Tunasihi sana msinunue za wati 100. Zinavuta zaidi ya ampea 8 kwenye waya uliokusudiwa ampea 5, na matokeo yake ni soketi ya kahawia iliyoyeyuka na kioo cha kuakisi mwanga kilichobabuka. Soketi ikishakuwa hivyo, ibadilishe pia, kwa sababu mguso uliolegea utaendelea kuzalisha joto hata ukirudisha globu sahihi.

Kubadilisha H4 si kazi ngumu. Zima taa, toa ufunguo, acha globu ipoe. Vuta soketi yenye miguu mitatu kwa kushika mwili wake, kamwe usivute waya. Vua mpira wa nyuma, bonyeza ile springi ya waya pembeni uiachie, toa globu. Mpya ishike kwenye bati lake. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo cha globu ya halojeni kama hii, sehemu hiyo hupata moto kupita nyingine, na kioo huvimba au kupasuka. Ukikigusa, kifute kwa spiriti na kitambaa safi. Masikio matatu ya bati la globu huingia kwa namna moja tu, kwa hiyo ikikataa, izungushe, usilazimishe. Mwisho rudisha mpira ukae sawasawa pande zote. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mpira ukikaa upande, vumbi la kiangazi na maji ya masika huingia, rangi ya fedha ndani ya taa inababuka, na baada ya hapo hakuna globu itakayokupa mwanga wa kutosha.

Taa za nyuma zina mtego wake. Globu ya breki na pakingi ina nyuzi mbili, wati 21 na 5, na vipini vyake pembeni havilingani kimo. Ukiilazimisha kinyume, breki huwasha uzi wa wati 5, na lori lililo nyuma yako halitaona kuwa unasimama. Indiketa ikipiga haraka kuliko kawaida, globu moja ya upande huo imeungua au ina wati pungufu. Na ukikanyaga breki, taa za pakingi au indiketa zikafifia au kuwaka zisipotakiwa, acha globu: ethi, yaani waya unaounganisha taa na bodi ya gari, imeshika kutu. Fungua nati ya waya wa ethi, piga msasa bati hadi ling'ae, kaza, paka grisi.

Fyuzi ikikatika, weka ya ampea zile zile. Ikikatika tena kuna shoti, tafuta waya uliochubuka. Kuweka kipande cha waya badala ya fyuzi ni kuliandaa gari liungue.

Baada ya kubadilisha globu za mbele, pima mwelekeo. Egesha gari mbele ya ukuta, mita 10, sehemu tambarare, matairi yakiwa na upepo sawa. Weka alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa, washa dimu. Mstari wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya alama, ukipanda kidogo upande wa kushoto. Wenye magari ya usukani wa kushoto mkoani Kigoma waangalie hili kwa makini zaidi. Burundi na Kongo hupita kulia, na taa zilizotengenezwa kwa barabara za kupita kulia huinua mwanga kulia. Ukivuka mpaka wa Burundi pale Manyovu kuja Kasulu, mwanga huo unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja mbele yako. Kuzungusha skrubu za kurekebisha mwelekeo wa taa hakuondoi tatizo; ukikusudia kutumia gari hilo huku, badilisha taa nzima, uweke iliyotengenezwa kwa kupita kushoto.