Jumapili Dhahabu Ilipofungiwa Ndani (1797)

Nikiwatajia wanafunzi wangu mwaka 1797 wa Uingereza, mawazo yao hukimbilia maasi ya mabaharia kule Spithead na Nore. Hawakosei: mishahara ya wale mabaharia haikuwa imepanda tangu 1658! Ila mimi nafundisha historia ya fedha, na siku yangu ya mwaka ule ni Jumapili, tarehe 26 Februari.

Vita na Ufaransa vilikuwa vimeingia mwaka wa tano, na serikali ya William Pitt ilikuwa haichoki kukopa Benki ya Uingereza. Uvumi wa uvamizi ukawatia watu kiwewe. Wakaanza kudai dhahabu badala ya noti, hadi benki za Newcastle zikasimamisha malipo. Kisha tarehe 22 Wafaransa wapatao 1,400 wakashuka kweli, karibu na Fishguard, Wales. Siku mbili baadaye walikuwa wameshasalimu amri, lakini hazina ya Benki ilikuwa imebaki na akiba ya pauni milioni 1 na kidogo tu. Jumapili ile Mfalme George III na baraza lake wakaamuru Benki isitoe dhahabu.

Noti, kumbuka, ilikuwa hati ya ahadi. Ukiipeleka dirishani, unahesabiwa dhahabu yako. Haki hiyo ilifutwa kwa siku moja, na bado noti zikaendelea kupokelewa, kwa kuwa wafanyabiashara wa London walikutana kesho yake wakatangaza kwamba watazikubali. Katazo lililoitwa la muda lilidumu hadi 1821.

Taabu ikawa chenji. Noti ndogo kabisa ilikuwa ya pauni 5, pesa ambayo kibarua hakuwahi kuishika. Benki ikachapisha za pauni 1 na 2 harakaharaka, na ilikuwa rahisi mno kuzighushi. Hadi katazo linaondolewa, zaidi ya watu 300 walikuwa wamenyongwa kwa makosa ya noti bandia.

Kwa upande wa fedha nyeupe, Benki ilitoa dola za Kihispania, zilezile ambazo wazee wa pwani yetu waliziita reale ya mzinga, maana nguzo zilizochorwa juu yake zilifanana na mizinga. Shingoni mwa mfalme wa Hispania pakagongwa kichwa kidogo cha George, na dola ikapewa thamani ya shilingi 4 na peni 9. Watani wa London hawakuiacha ipite: vichwa viwili vya wafalme, na bado havifiki krauni, yaani shilingi 5.